Nani Kamlisha Mtoto? Vitabu vya Upelelezi Ninavyosoma Zamu ya Usiku

SEHEMU YA 1: KITABU KISICHO NA MWISHO



Wiki iliyopita niliandika kuhusu uji wa mtoto wa miezi sita. Chini kabisa nikagusia kwamba nimetoka zamu ya usiku na kitabu cha Bwana Msa kwenye mkoba. Nilidhani mtaniuliza mambo ya uji. Nusu ya meseji zikawa za kitabu. "Sista, nitajie vitabu vizuri vya upelelezi, nimechoka kukodolea simu." "Sista, muda wa kusoma unautoa wapi?" Na mmoja alinichana kabisa: "Nesi mzima unasoma hadithi za mauaji, huko wodini huoni ya kutosha?"

Leo nawajibu wote. Ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa. Mwenye mtoto anayenyonya anaweza kusoma sehemu moja kila titi.

Nianzie nyumbani. Mimi nimekulia hapa hapa Mishamo. Kwa wageni wa ukurasa huu, Mishamo ipo wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, wazazi wangu wakiwemo. Walikuta pori, wakapewa maeneo, wakafyeka. Baadaye wengi wetu tukawa raia wa Tanzania. Sisi watoto tulikuta mahindi, maharage, muhogo na tumbaku, na shule yenye vitabu vichache ambavyo vilikuwa havitoki kabatini.

Kitabu changu cha kwanza cha upelelezi kililetwa na kaka yangu kutoka Mpanda mjini. Alikipata kwa fundi baiskeli. Hakikuwa na jalada, kurasa za mwanzo hazikuwepo, na cha kuudhi zaidi, kurasa za mwisho zilishachanwa. Pengine fundi alifungia karanga. Tulijua tu kwamba kuna mpelelezi anaitwa Wingo na kuna watu wanauawa. Nani muuaji? Mungu ndiye alijua.

Jioni kaka alikuwa anasoma kwa sauti karibu na koroboi, mama anachambua maharage. Kiswahili cha mama wakati ule kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani, namgeuzia kwa Kirundi. Kila ukurasa ukiisha anauliza lile lile: "Ni nde yamwishe?" Nani kamuua? Tulipofika ukurasa wa mwisho uliobaki, kila mmoja akachagua mtu wake. Baada ya mabishano ya siku mbili nyumba nzima tukakubaliana: ni fulani. Kesi ikafungwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, nikapita kwa wauza vitabu wanaotandika chini. Nikaokota kimoja chembamba, nikafungua katikati, nikakutana na Wingo! Kumbe kinaitwa Simu ya Kifo, mwandishi ni Faraji Katalambula, kimetoka mwaka 1965. Nilisoma kurasa za mwisho nimesimama pale pale, mwenye vitabu ananiangalia.

Tuliyemfunga wote nyumbani siye.

Nikampigia kaka. Akacheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema: "Yaani miaka yote hii tumemfunga mtu wa watu?" Sitawaambia muuaji ni nani, kitafuteni. Ila hayo maneno ya kaka yashikeni, tutayarudia.

SEHEMU YA 2: WAPELELEZI NI NDUGU ZETU WA HOSPITALI

Sasa wewe uliyeuliza nesi anatafuta nini kwenye hadithi za mauaji, kaa hapa.

Sherlock Holmes unamsikia hata kama hujamsoma, yule Mwingereza wa kiko na kioo cha kukuzia. Aliyemtunga, Arthur Conan Doyle, alikuwa daktari. Alisema wazi kwamba Holmes alimchukua kwa mwalimu wake wa udaktari kule Edinburgh, Dokta Joseph Bell. Huyo mzee alikuwa anamtazama mgonjwa anavyoingia mlangoni, viatu vyake, mikono yake, anavyotembea, na kabla mgonjwa hajafungua mdomo anataja kazi yake na alikotoka.

Agatha Christie, mama wa hadithi za upelelezi duniani, alikuwa nesi wa kujitolea wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, mjini kwao Torquay, Uingereza. Baadaye akahamishiwa chumba cha dawa. Kule kati ya machupa ndipo alipozijua sumu. Kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1920, na mtu wa kwanza kufa humo anakufa kwa sumu. Nikiwa nahesabu dawa kwenye kabati saa tisa usiku huwa namkumbuka, nacheka peke yangu.

Na wa kwetu je? Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa Bwana Msa, hakuanza na uandishi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi katika idara ya afya. Mtu wa afya mwenzangu! Baadaye ndiyo akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Wasomi wanakihesabu kuwa ndicho kilichofungua mlango wa riwaya za upelelezi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo daktari, nesi na bwana afya ndio waliotupa wapelelezi, na mimi sishangai. Kazi yetu ni ile ile. Mgonjwa anakuja na dalili, ndugu wanakuja na maelezo, na mara nyingi maelezo na dalili havikubaliani. Hapo ndipo unapoanza kuuliza.

Twende kwenye vitabu vyenyewe.

Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mahali panapoogopwa, kwenye mzimu. Watu wengi wanaona jibu limeshapatikana, mzimu umemchukua mtu. Bwana Msa anavuta kiko chake, anaangalia, anauliza maswali ambayo mwanzoni yanaonekana ya kipuuzi. Yupo na rafiki yake Najum, ambaye ni kama mimi na wewe, anaona kila kitu ila haelewi mpaka aelekezwe. Yupo na Inspekta Seif, polisi. Utamu wa kitabu hiki siyo damu, ni kule kufikiri. Kiswahili chake ni cha Unguja, kitamu mno, na kikikushinda neno, songa mbele, litajieleza lenyewe.

Akikupendeza Bwana Msa, wapo wengine: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), na Mke Mmoja Waume Watatu (1975), ambacho mume wangu alipoona jalada aliniuliza mara mbili ninasoma nini.

Simu ya Kifo nimeshawaambia. Kifupi, kina kasi. Mzuri wa kuanza naye mtu anayesema "mimi vitabu siviwezi."

Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Hapa tunatoka kwenye kuuliza maswali tunaingia kwenye bastola. Willy Gamba ni jasusi, na vitabu vinatoka kipindi kile ambacho nchi za kusini mwa Afrika bado zilikuwa zinapigania uhuru, kwa hiyo maadui zake ni makaburu na vibaraka wao. Kufa na Kupona ni cha mwaka 1974. Kikosi cha Kisasi, cha mwaka 1979, kinakupeleka Kinshasa. Kama baba watoto hasomi kitu, mwekee hiki mezani bila kusema neno. Ila humu kuna mapenzi na mauaji ya wazi, kwa hiyo mtoto wa darasa la tano asikiguse.

Ben Mtobwa. Huyu ni wa jirani kabisa, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008 akiwa bado na umri mdogo tu. Mpelelezi wake ni Joram Kiango, kijana mtanashati mwenye maneno, na mwenzake Nuru ambaye si pambo, ana akili. Tafuta Salamu Kutoka Kuzimu na Tutarudi na Roho Zetu? Kuna pia Dar es Salaam Usiku, ambacho kinaonyesha jiji linavyoweza kumla mtu. Nikiwa na miaka kumi na saba nilikisoma nikaapa sitakanyaga Dar. Nikakanyaga, lakini mkoba niliukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Hivyo ndivyo vitabu. Sasa niwaambie kwanini nimeandika yote haya.

SEHEMU YA 3: MTOTO WA SAA NNE USIKU

Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Lililotokea limetokea.

Zamu ya usiku, wodi ya watoto, msimu wa tumbaku. Saa nne kasoro pikipiki ikaingia hadi mlangoni. Bibi kampakata mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi kadhaa, nyuma yao mjomba. Baada ya muda kidogo baba na mama nao wakafika, na dada wa huyo mtoto, kama miaka sita, amevaa sweta la mtu mkubwa.

Kabla sijapokea mtoto nilishapewa jibu. Mjomba alisema: "Sista, huyu kalishwa kitu. Mchana alikuwa kwa bibi wa jirani, akapewa muhogo wa kuchoma. Yule bibi tunamjua." Mama mtoto analia. Baba ameinama. Mjomba anaendelea kwamba vijana wameshakusanyika nyumbani kwa yule bibi, wanasubiri tu kusikia mtoto amefikaje.

Nyie mnaoishi huku kwetu mnajua maana ya sentensi hiyo. Mikoa yetu hii ya magharibi bibi wazee wameuawa kwa maneno kama hayo. Macho mekundu ya moshi wa kuni, mtoto wa jirani anaumwa, basi, kesi imeisha.

Mtoto alikuwa hivi. Mate yanatoka mengi, yanaloweka nguo. Jasho, na nje kuna baridi. Ametapika, amejiharishia. Kifua kinakoroma kama kimejaa maji. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikamwashia tochi machoni, mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, wala hazishtuki na mwanga. Na nilipomsogelea kumvua shati, nikasikia harufu. Siyo ya matapishi wala ya muhogo.

Nikamwita daktari. Wakati anakuja nikauliza maswali yangu ya kipuuzi.

"Shati hili amelivaa tangu saa ngapi?" Tangu mchana. "Muhogo alikula nani mwingine?" Dada yake alikula, na bibi wa jirani mwenyewe. "Leo nani alikuwa shambani?" Baba. "Alifanya nini shambani?" Kimya. Mama akasema: "Alipiga dawa tumbaku." "Dawa iliyobaki iko wapi?" Baba akasema ameiweka juu, iko kwenye kopo lake, haifikiwi.

Hapo mjomba akakasirika. Mtoto anakufa, sista anauliza habari za shamba!

Nikageuka kwa yule binti wa miaka sita. Wote waliokuwa pale walishasema. Yeye hakuna aliyemuuliza. Nikachuchumaa nikamwambia: "Mama, mdogo wako leo alikunywa nini?"

Akamtazama baba yake kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Alikunywa soda ya baba. Chini ya kitanda."

Baba alikaa chini pale pale kwenye sakafu. Dawa kwenye kopo ilikuwa juu, kweli. Lakini kidogo alikuwa amemimina kwenye chupa ya soda, apeleke kwa rafiki yake kesho yake. Akaisukumia chini ya kitanda, akasahau.

Daktari alikuwa ameshafika. Tulivaa glavu, tukamvua mtoto nguo zote, tukamwosha kwa maji na sabuni, tukavuta mate, tukampa oksijeni, daktari akaandika atropini na tukairudia mpaka kifua kikaanza kukauka. Ni kazi ya usiku mzima. Mtoto yule alipona, na siku ya tatu alinitupia kikombe.

Lakini kuna kazi nyingine nilifanya usiku ule ambayo haimo kwenye faili. Wakati daktari anatafuta mshipa, nilimgeukia mjomba nikamwambia: "Kaka, piga simu nyumbani. Sasa hivi, nikiwa nasikia." Akasema mtandao unasumbua. Nikamwambia panda kwenye kile kichuguu nje, wote wanaotafuta mtandao wanapanda pale. Akapanda. Nikamsikia anapaza sauti gizani: "Mwacheni bibi! Nasema mwacheni! Ni dawa ya tumbaku! Ni sisi wenyewe!"

Mpaka leo nikikumbuka "ni sisi wenyewe" mwili unasisimka.

Asubuhi nilipomsimulia mama yangu hakushangilia kama nilivyotegemea. Aliendelea kupepeta mahindi yake. Kisha akaniambia kwamba mwaka 1972 kwao Burundi watu walichukuliwa usiku kwa sababu jina lao limetajwa, na kwamba katika wote waliochukuliwa hajui hata mmoja aliyeulizwa swali. "Ndiyo maana nilipenda kile kitabu cha kaka yako," akasema. "Yule bwana alikuwa anauliza."

Miaka yote nilidhani mama alikuwa anafuata hadithi ili ajue muuaji.

SEHEMU YA 4: MPELELEZI WENU NAYE

Ningeishia hapo mngesema sista hodari. Sasa sikilizeni.

Kama miezi minne baada ya usiku ule, nyumbani kwangu ilipotea shilingi 80,000. Ilikuwa ya kikoba, kesho yake ni siku ya kupeleka. Niliiweka "mahali pazuri," wamama mnapajua mahali pazuri. Nilikuwa natoka zamu mfululizo, macho yamevimba, mtoto mdogo anaota meno.

Kulikuwa na binti ananisaidia kulea, miaka kumi na tisa. Mpole, mchapakazi, mtoto wangu alimpenda kuliko mimi. Nikaangalia ndani ya nyumba: mume wangu yupo safarini, mtoto ana mwaka mmoja, mimi siwezi kujiibia. Nani amebaki?

Sikuuliza hata swali moja, nyie. Nilimwambia alete mkoba wake. Nikaumwaga nje, barazani, jirani anafua, watoto wa shule wanapita. Zikatoka nguo zake, picha ya mama yake, pedi zake, shilingi 6,000. Pesa yangu haikuwemo, nikasema basi ameshaitoa. Akaniambia maneno matatu: "Sista, tafuta vizuri." Asubuhi akapanda gari akarudi kwao.

Wiki mbili baadaye ilikuwa tarehe ya kliniki. Nikachukua kadi ya mtoto, lile jalada lake la plastiki, nikaona limevimba. Shilingi 80,000, zimekunjwa vizuri. Nilizificha pale kwa sababu kadi ya kliniki ndicho kitu pekee ambacho hakijawahi kupotea nyumbani kwangu.

Nililia kliniki mbele ya wamama ambao mimi ndiye huwa nawafundisha.

Nilimpigia. Nilimtumia mshahara wake wote na nauli ya kurudi. Aliupokea mshahara, nauli akairudisha. Nikamwomba msamaha. Akasema: "Nimekusamehe, sista. Ila mkoba wangu uliumwaga nje, watu wakiona." Hakusema zaidi, na sikuwa na la kujibu.

Huwa najiuliza. Vitabu vyote vile nilisoma. Yule bibi wa muhogo nilimtetea. Kwanini kwa yule binti sikuuliza hata swali moja? Nadhani nimelipata jibu, ingawa halinipendezi. Usiku ule wodini sikuwa na cha kupoteza, nilikuwa Bwana Msa, mtu wa pembeni. Nyumbani nilikuwa na hasira, na uchovu, na aibu ya kikoba. Mwenye hasira hatafuti aliyefanya, anatafuta wa kumbeba. Na daima atampata yule ambaye hana mtu wa kumsemea: bibi mzee, dada wa kazi, mtoto wa kambo, mgeni.

Sisi tulioitwa wakimbizi miaka yote ile tulitakiwa tulijue hilo kuliko wote. Kitu kikiibiwa kijiji cha jirani, unajua walikuwa wanatajwa akina nani kwanza.

SEHEMU YA 5: YA KUBEBA NYUMBANI

Kwanza ya unesi, kwa sababu msimu wa tumbaku unakaribia.

Dawa ya shamba, mafuta ya taa, dawa ya panya na jiki havikai kwenye chupa ya soda wala ya maji. Kamwe. Hata kwa dakika tano. Mtoto wa miaka miwili hasomi lebo, anatambua umbo la chupa. Weka kwenye chombo chake, juu, na ufunge. Ukitoka kupiga dawa, nguo badilisha na uoge kabla hujambeba mtoto.

Akinywa: usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mafuta. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, nawe ujikinge mikono. Kisha kimbia hospitali na uje na chupa yenyewe. Ile chupa ndiyo shahidi wetu mkuu, inatuambia dakika moja jambo ambalo tungelitafuta saa nzima.

Pili, ya vitabu. Kwa mama ambaye hajawahi kusoma riwaya, anza na Simu ya Kifo, kisha Mzimu wa Watu wa Kale. Kwa baba, Willy Gamba au Joram Kiango. Vingi ni vya zamani, kwa hiyo usivitegemee kila duka. Uliza kwa wauza vitabu vya mitumba, waulize walimu wastaafu, mzee yeyote aliyekuwa anasoma miaka ya sabini na themanini ana kimoja chini ya kitanda. (Angalia tu kisikae karibu na chupa ya soda.)

Kwa watoto wa darasa la sita kwenda juu, msomee Bwana Msa kwa sauti, sura moja kwa jioni. Ukifika katikati, funga kitabu umuulize: "Wewe unadhani ni nani?" Atataja mtu haraka haraka. Usimwambie amepata au amekosa. Muulize tu: "Umejuaje?" Akisema "ana sura mbaya," mwambie hiyo haitoshi, tafuta nyingine. Mtoto aliyezoea swali hilo, siku vijana wa mtaa watakapokusanyika nje ya nyumba ya bibi, nina imani atachelewa kuokota jiwe. Na kuchelewa tu kunatosha, simu inaweza ikaingia.

Na kama una watoto zaidi ya mmoja, muulize na yule mdogo ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mimi jioni hizi namsomea mama Siri ya Sifuri. Kiswahili chake siku hizi ni kizuri kuliko changu, hahitaji mkalimani, lakini swali lake bado analiuliza kwa Kirundi. Juzi nilimjibu nikamtajia mtu ninayemshuku. Akaniangalia juu ya miwani akasema: "Mwanangu, hata wewe? Baada ya ule mkoba?"

Nikanyamaza, nikafungua ukurasa unaofuata.

Haya, zamu inaniita. Niambieni, je, nyumbani kwenu kuna mtu mliyemfunga bila kumuuliza? Siyo lazima uandike hapa. Mpigie.